Turbo ya Coaster ya kulala imekufa: uifufue, ununue katriji, mtumba au uagize mpya?

Ukiwa Dar es Salaam ukasema umekosa spea ya Coaster, watu watakucheka. Coaster ndiyo daladala, ndiyo basi la shule, ndiyo gari la msiba na la harusi. Taa, kioo, breki, hata mlango mzima utaupata mtaa wa Gerezani kabla ya adhuhuri. Ila ulizia turbo. Muuzaji atakutazama, atauliza, "Coaster gani hiyo yenye turbo, bosi?", kisha atakupeleka kwa jirani yake, na jirani naye atakupeleka kwa jirani yake.

Ni kwamba Coaster nyingi za mjini zina injini ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo. Yangu ina 1HD-T, ndugu wa 1HZ mwenye ujazo uleule ila anapulizwa. Ilikuja imeshatumika Japani, maseremala wa Keko wakaiwekea vitanda viwili, kabati na meza ya kukunja, ikawa nyumba ya magurudumu ya familia. Turbo yake ni CT26 ya Toyota, familia ileile iliyofungwa kwenye Land Cruiser 80 za dizeli za mwanzoni mwa miaka ya 90. Land Cruiser hizo bado zipo mjini, lakini wenye nazo wamezing'ang'ania, na turbo zao zimechoka kama yangu.

Ya kwangu ilikatika pumzi Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, chini kabisa ya mlima Kitonga, karibu kilomita 400 kutoka nyumbani. Moshi wa bluu ulikuwa mzito hadi mama mmoja muuza vitunguu akafunika beseni lake kwa khanga. Tangu siku hiyo nimeulizia, nimepima na nimelipia zaidi ya njia moja. Hata kama gari lako la kulala ni Rosa, Civilian au Ducato lililofika kwa barabara kutoka Ulaya, hesabu ni hiihii, majina ya spea tu ndiyo yanabadilika.

Kwanza, nani kaiua?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Turbo ni shafti moja: upande mmoja kuna feni ya chuma kigumu inayosukumwa na moshi wa ekzosi, upande wa pili feni ya aluminiamu inayosukuma hewa kwenda kwenye injini. Ikiwa na mzigo, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hakuna beringi ya kawaida inayohimili hilo kwa miaka, kwa hiyo shafti imekaa ndani ya bushi, na bushi zenyewe zinaelea kwenye oili ndani na nje. Oili ikichelewa, ikichafuka au ikikosa njia ya kushukia, turbo inaanza kufa hata kama imetoka dukani jana.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawakwambii. Kinachozuia oili isipite kwenda kwenye feni ni pete nyembamba za chuma, mfano wa pete za pistoni, wala si sili ya mpira. Pete hizo zinafanya kazi kama oili inashuka kwa uhuru kurudi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Bomba la kurudishia likiziba, au injini ikiwa imechoka na inapumua sana chini (moshi wa silinda unavuja kushuka kwenye sampu), oili itapanda na kutokea kwenye feni, na gari litatoa moshi wa bluu huku turbo ikiwa nzima. Ukibadilisha turbo hapo, utabadilisha tena baada ya mwezi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma taratibu. Kama kinarukaruka na mvuke unatoka kwa kusukuma, tatizo lako lipo chini zaidi ya turbo. Baada ya hapo fungua mabomba yote mawili ya oili. La kupeleka ni jembamba, na kwenye magari yanayozimwa ghafla baada ya kupanda mlima linajaa masizi ya oili iliyoungua. La kurudisha ni nene. Langu lilipofunguliwa, fundi aliingiza waya akavuta kitu chekundu kama mnyoo, urefu wa kidole. Ilikuwa silikoni. Gereji iliyowahi kushika gari hili miaka miwili nyuma ilipaka silikoni mahali pa gasketi ya karatasi, iliyobaki ikasukumwa ndani na kujikunja njiani. Nilikumbuka nilivyomuuliza fundi wa siku ile, "Fundi, hiyo silikoni ya nini?" naye akanijibu, "Isivuje, bosi." Kweli, pale haikuvuja.

Angalia na njia ya hewa. Gari la kulala hukaa uani miezi bila kutembea, na nyigu wa Dar wanapenda sana mabomba yaliyo wazi. Kiota kimoja cha udongo kikimeguka ndani ya bomba la hewa kinatosha kung'ata feni ya aluminiamu.

Kupima shafti

Toa bomba la hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukiitikisa kushoto na kulia itacheza kidogo, na hilo ni sawa, kwa sababu bushi zinaelea na sasa hazina oili. Watu wengi wameuziwa turbo mpya kwa sababu ya mchezo huo tu. Hofu yako iwe kwenye kuvuta na kusukuma: hapo usisikie kitu, au usikie kidogo mno. Ikiingia na kutoka kwa kugonga, sahani ya kuzuia msukumo imeliwa. Kisha isukume pembeni huku unaizungusha. Feni ikigusa ukuta wa nyumba yake, au ukiona ukuta umekwanguliwa unang'aa, kufufua kwa bushi peke yake hakutatosha.

Ukimaliza vipimo hivyo, una jibu la nusu ya ulinganisho huu.

Kufufua yako dhidi ya kununua katriji

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kweli. Nyingine zote ni za kusukumwa na shida.

Kufufua maana yake turbo inafunguliwa, inaoshwa, inawekwa bushi mpya, sahani mpya ya msukumo na pete mpya, halafu shafti na feni zinapigwa balansi, yaani zinasawazishwa uzito zisitikisike zikizunguka. Kiti ya CT26, yaani seti ya spea hizo (kit), ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, na ndiyo spea rahisi kupatikana kwa njia yoyote ile: mtu anayetoka Dubai anaibeba kwenye begi. Kati ya njia zote za kweli, hii ndiyo ya bei ya chini. Inakubali pale tu feni zote mbili ni nzima na shafti haijaliwa mahali bushi zinapokaa.

Udhaifu wake ni mkono wa fundi. Kabla ya kufungua, fundi anayejua atatia alama ya rangi kwenye nati, feni na shafti, ili virudi vilevile vilivyokuwa. Nati yenyewe kwenye turbo nyingi hufungwa kinyume, na asiyejua huivunja shafti akidhani imeshika kutu. Ukimwona anasugua shafti kwa msasa ili bushi mpya iingie, chukua turbo yako uondoke. Nafasi kati ya shafti na bushi ni ya kuhesabu kwa sehemu za mia za milimita, chini ya unene wa unywele, na msasa haujui kuhesabu. Muulize swali moja tu: balansi unapigia wapi? Akikujibu kwamba haihitajiki kwa sababu feni ni zilezile, mshukuru. Inahitajika.

Utasikia pia habari ya kuchongesha bushi za shaba kwenye leith, mashine ya kuchongea vyuma. Inawezekana, na wachongaji wa Dar ni hodari. Lakini bushi ya turbo ina matundu ya oili yaliyopangwa, uso laini kabisa na vipimo vya pande mbili kwa pamoja. Mimi ningeifanya kama ningekuwa nimekwama Songea na hakuna namna. Nikiwa Dar, sioni sababu.

Katriji ni moyo wa turbo ukiwa umeshaunganishwa: shafti, feni, bushi, pete na nyumba ya katikati, vyote vipya na vimeshapigwa balansi kiwandani. Unabaki na magamba yako mawili ya nje, la hewa na la ekzosi, unahamishia katriji ndani. Kazi ya saa chache, na kosa la fundi lina nafasi ndogo. Nyingi zinatoka China na ubora wake haufanani. Nzuri huja na karatasi ya balansi yenye namba inayolingana na iliyogongwa kwenye katriji. Isiyo na karatasi inaweza kuwa nzuri pia, ila hapo unacheza bahati nasibu.

Tatizo la katriji ni vipimo. Jina CT26 halitoshi. Toyota iliweka turbo za familia hiyo hata kwenye injini za petroli, 7M-GTE ya Supra na 3S-GTE ya Celica, na ukiandika "CT26" peke yake utaletewa chochote. Soma namba kwenye kibati cha turbo. Za Toyota zinaanza na 17201, na tarakimu tano zinazofuata ndizo zinazokutofautisha wewe na mwenye Supra. Kibati kikiwa kimefutika, pima feni zako kipenyo cha juu na cha chini, upande wa hewa na upande wa ekzosi, umtumie muuzaji vipimo vyote vinne pamoja na picha. Na kabla ya kutenganisha magamba, chora mstari wa chaki kukatiza yote, maana yakirudi yakiwa yamegeuka hata kidogo bomba halitafika.

Nikiambiwa nichague kati ya hizi mbili bila kuona turbo, nitasema katriji. Nikiiona turbo na feni ni nzima, na fundi ana pa kupigia balansi, nitafufua: vyuma vya Toyota vilivyomo ndani ni bora kuliko vingi vinavyouzwa sasa kama mbadala.

Mtumba

Ilala na Gerezani utapata turbo iliyong'olewa kwenye injini ya Japani, mara nyingine ikiwa bado imefungwa kwenye injini nusu. Mimi nilipelekewa moja. "Bosi, hii haijagusa barabara ya Tanzania," kijana aliniambia, na nadhani alisema kweli. Alianzia milioni moja na laki mbili, tukashuka mpaka laki nane. Niliivuta shafti kwa vidole, ikagonga. Nikamrudishia. Hakukasirika, akaiweka palepale kwenye rafu kumngoja mwingine.

Ubaya wa mtumba haupo kwenye utumba wake. Turbo ya miaka 30 iliyong'olewa Japani ina umri uleule wa yako, na hujui injini yake ilikufa kwa nini. Kama ilikufa kwa kukosa oili, turbo ilikosa pia. Uzuri wa mtumba ni magamba. Kama gamba lako la ekzosi limepasuka hadi nje au flanji imepinda, mtumba ndio njia ya kulipata, na ndipo unapolipa bei ya magamba siyo bei ya turbo. Nyufa ndogo ndani, karibu na tundu la valvu ya kupunguza presha, ni za kawaida na gari linatembea nazo. Ufa unaofika ukingoni ni habari nyingine, na usikubali uchomelewe kwa stiki za kawaida. Chuma cha kusubu kinataka stiki za nikeli na kupashwa moto kwanza, la sivyo kinapasuka pembeni ya weldi siku ya mlima wa kwanza.

Tahadhari kubwa kuliko zote: muuzaji wa mtumba, na hata wa katriji, atakuomba umwachie turbo yako ya zamani "kama chuma chakavu" akupunguzie bei. Usimwachie. Kwenye mji usio na spea hiyo, magamba yako ndiyo mali. Wiki ijayo atamuuzia mwenzako.

Kuagiza mpya

Turbo halisi mpya, kwenye boksi la Toyota, ndiyo amani kamili ya moyo, na bei yake inaweza kukaribia ya injini nzima ya mtumba. Ikija kwa ndege unaongezea mzigo wa usafiri na kodi pale uwanjani, ikiwemo VAT ya asilimia 18. Kwa gari linaloingiza pesa kila siku, hesabu inaweza kukubali, kwa sababu kila siku ya kulala ni hasara. Kwa gari linalokwenda Mikumi na Matema mara nne kwa mwaka, mimi sijaona inavyokubali.

Turbo nzima ya kuiga ya bei nafuu nayo ipo, tele mtandaoni. Kinachokuwa dhaifu kwenye hizo mara nyingi ni magamba, chuma cha ekzosi hasa. Wewe unayo magamba ya Toyota tayari. Kwa nini ununue magamba mabaya ili upate katriji iliyomo ndani? Nunua katriji.

Kutembea bila turbo, au kubadili injini

Shauri la haraka la gereji nyingi ni "ng'oa turbo, iwe kama 1HZ tu." Haiwi kama 1HZ. 1HZ imeundwa kuvuta hewa yenyewe, mgandamizo wake ni 22 na ushee kwa 1. 1HD-T iliyoundwa kupulizwa ni 18 na ushee. Bila turbo unabaki na injini yenye mgandamizo mdogo, moshi mweusi na gari la tani kadhaa lililobeba vitanda, friji na tangi la maji.

Ila kama njia ya kurudi nyumbani, ni halali. Hatari kubwa ni kuendelea kutembea na turbo inayomwaga oili, kwa sababu dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe, injini inajiendesha na ufunguo hauizimi; inabidi uzibe njia ya hewa, au utie gia ya juu, ukanyage breki na kuachia klachi. Ruaha Mbuyuni tulitoa moyo wa turbo, mchomeleaji wa pale akakata kibati cha chuma tukaziba tundu, bomba la kupeleka oili tukaliziba kwa bolti na washa ya shaba, la kurudisha kwa kizibo cha mti kilichofungwa waya. Kitonga hatukupanda. Tuligeuza, tukarudi Dar taratibu huku malori yakitupita.

Kufunga 1HZ kabisa ni wazo la mtu aliyechoka, na simlaumu. Spea zote za mjini zitakuwa zako. Lakini unauza nguvu yote ya gari, na namba ya injini kwenye kadi lazima ikabadilishwe TRA.

Sasa wewe upo wapi?

Feni nzima, shafti safi, fundi ana balansi: fufua. Feni imegusa ukuta au imemeguka: katriji, ndani ya magamba yako, na usisahau kutafuta vipande vya aluminiamu kwenye njia ya hewa yote kabla ya kuwasha. Gamba limepasuka: mtumba kwa ajili ya gamba, na ndani yake weka katriji. Injini inapumua chini: usinunue turbo yoyote, anza na injini.

Yoyote utakayochagua, siku ya kufunga ni moja. Bomba la kupeleka oili ama jipya ama lililofumuliwa masizi hadi unaona mwanga upande wa pili. Oili mpya na filta mpya. Gasketi za karatasi na shaba, bila silikoni hata tone. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku unazungusha feni kwa kidole, kisha kata umeme wa valvu ya dizeli na upige stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Usikanyage mafuta. Mafundi wanapenda kuwasha na kuvuma mara moja wasikie mluzi. Wazuie, hata kwa ugomvi.

Yangu ilikuwa na sahani ya msukumo iliyoliwa na feni nzima, nikaifufua, tangu hapo imepanda Kitonga mara mbili na safari nzima ya kwenda na kurudi Mbeya. Nikifika kileleni naiacha ingurume dakika mbili kabla ya kuzima, wanangu wakilalamika kwamba baba anapoteza mafuta. Katriji niliinunua pia, baadaye, bei ilipokuwa nzuri. Ipo chini ya kitanda cha nyuma, imepakwa oili na kufungwa kwenye nailoni mbili, pamoja na washa za shaba na kile kibati cha Ruaha Mbuyuni.